Maziwa Hayaoshi Mapafu

BARUA

Shikamoo Mzee,

Natumai hujambo, wewe na wote nyumbani. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Likoni na mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Nafanya kibarua kwenye chelezo moja, mahali pa kupandishia meli ili zitengenezwe, hapa Mombasa, huu ni mwaka wa tatu. Meli ikishapandishwa, sisi ndio tunaopiga mchanga, yaani kuurusha kwa upepo wa kompresa, kuondoa kutu na rangi ya zamani kabla wapaka rangi hawajaingia. Mimi si mpigaji. Kazi yangu ni kuchekecha mchanga, kubeba magunia, kujaza tangi na kuangalia kompresa. Jioni nafagia.

Mpigaji wetu ni rafiki yangu wa tangu utotoni. Ameshika nozeli, ule mdomo wa mpira unaotoa mchanga, miaka saba. Mwaka jana alianza kukohoa, akapimwa, akaambiwa ni TB. Alimeza dawa miezi sita mpaka akamaliza, lakini kikohozi hakikwisha. Amerudi hospitali, makohozi yamepimwa tena na hayana kitu. Zamani tukishuka feri asubuhi alikuwa ananiacha nyuma kwenye ule mpando. Siku hizi anasimama mara mbili kabla hajafika juu, na ana miaka 33 tu.

Kwa kuwa yeye hawezi tena zamu nzima, fomeni ananitaka mimi nishike nozeli kuanzia mwezi ujao. Nitaongezwa shilingi 400 kwa siku. Mzee, kwangu hizo si pesa ndogo. Kuna kofia moja ya kupigia, kioo chake kina ufa na mpira wa hewa ulikatika zamani, kwa hiyo rafiki yangu huivaa hivyo hivyo na kujifunga shati kuukuu puani. Nilipomuuliza fomeni, alisema mchanga wetu ni wa baharini, umeoshwa na hauna madhara, na kwamba nikinywa pakiti moja ya maziwa kila jioni vumbi lote litashuka. Wazee wengine kazini pia husema hivyo. Wiki ijayo meli ikishuka kuna kazi ya ndani ya tangi la maji la meli nyingine.

Mke wangu hataki hata kusikia. Analalamika kwamba ovaroli yangu ikikung'utwa uani mtoto anachezea ule mchanga. Nikikataa nozeli naogopa sitaitwa tena getini. Nikikubali naogopa kuwa kama mwenzangu. Nifanyeje?

Ni mimi, mjaza mchanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako usiku, nikaamka nikaisoma tena. Nimefanya kazi za chelezo miaka 31, na tisa ya mwanzo nilikuwa na nozeli mkononi. Sikio langu la kushoto lilibaki huko. Kwa hiyo ninayokuandikia mengine nimeyasoma na mengine nimeyaona kwa macho.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Umeandika "mimi si mpigaji", kama mtu anayesema yeye yuko nje ya mvua. Anayechekecha mchanga mkavu, anayemwaga gunia tangini, anayesimama hatua kumi kutoka kwa nozeli na anayefagia jioni, wote wanavuta vumbi lile lile. Tena kwenye chelezo zilizo na vifaa, mpigaji huwa na kofia yenye hewa, na msaidizi wake hana hata kitambaa. Nimemzika mmoja aliyekuwa mfagiaji tu. Kwa hiyo swali lako si kama uingie kwenye hatari mwezi ujao. Una miaka mitatu ndani yake.

Sasa mchanga wenyewe. Mchanga mwingi, hata ukiwa msafi namna gani, una silika, madini magumu yanayounda chembe zake. Chembe ya mchanga uliyoishika mkononi haiwezi kuingia ndani ya pafu, ni kubwa mno, pua na koo huizuia. Lakini upepo wa pauni 100 kwa inchi ya mraba unapoitupa kwenye chuma, chembe ile hupasuka vipande vidogo sana, vingine vidogo kiasi kwamba vikipangwa kumi havifiki upana wa unywele mmoja. Hivyo ndivyo vinavyoua, na jicho haliwezi kuviona. Lile wingu jeupe unaloliona likitua ni sehemu ya vumbi iliyo nzito. Lililo jepesi hubaki hewani saa nyingi baada ya kompresa kuzimwa, wakati wewe umeshavua kitambaa na kushika ufagio.

Kuosha mchanga huondoa udongo na vumbi la juu. Silika haioshwi, kwa sababu ndiyo chembe yenyewe. Fomeni wako sidhani anakudanganya kwa makusudi, huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemtangulia.

Maziwa je? Mwanangu, hapa nitasema bila kuzunguka, kwa sababu imani hii imewalaza watu wengi wakiwa na matumaini. Unachokimeza huenda tumboni, na vumbi limekwenda mapafuni. Njia hizo mbili hugawanyika kooni na hazikutani tena. Kunywa maziwa yako, ni chakula kizuri kwa mtu anayefanya kazi ngumu, ila hayafiki pale vumbi lilipo. Pafu lenyewe hujaribu kulizungushia zile chembe ukuta, na ukuta huo ni kovu. Kovu likiongezeka, pafu linakuwa gumu, halitanuki. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa kawaida huchukua miaka kumi na zaidi kujitokeza, lakini kwa wapiga mchanga, ambao huvuta vumbi jingi sana kwa mara moja, huweza kuja ndani ya miaka mitano hadi kumi. Wako waliougua ndani ya miezi.

Ndipo namfikiria mwenzako wa miaka saba. Mimi si daktari na sitampima kwa barua. Ila kuna jambo ambalo kila mpiga mchanga na kila mhudumu wa afya wa pwani hii angepaswa kulijua: silikosisi na TB huandamana. Mtu mwenye silika mapafuni hushikwa na TB kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Na mtu anayekohoa, aliyekonda na kuishiwa pumzi, hospitali zetu huiwazia TB kwanza, kwa sababu ndiyo wanayoiona kila siku. Inawezekana kabisa alikuwa na TB kweli, ikatibiwa ikaisha, na kilichobaki ni hicho kingine ambacho hakuna aliyekitafuta. Kipimo cha makohozi hakiwezi kuonyesha silika. Inahitajika picha ya kifua, kipimo cha nguvu ya pumzi, na daktari anayejua mgonjwa wake anafanya kazi gani. Muulize rafiki yako kama kuna siku aliulizwa kazi yake. Najua jibu atakalokupa, wengi tulioandikiwa "mfanyakazi wa bandari" tukaishia hapo.

Mambo haya si mapya, na ndiyo maana yananiuma. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa silika kwa kazi nyingi za namna hii tangu 1950. Marekani, taasisi ya serikali inayochunguza afya ya wafanyakazi, NIOSH, ilipendekeza uachwe mwaka 1974, na mwaka 1992 ikatoa onyo juu ya wagonjwa 99 wa silikosisi waliotokana na kupiga mchanga, 14 kati yao wakiwa wameshafariki. Uturuki nako vijana walikuwa wakipiga mchanga suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa, ndani ya vyumba vidogo visivyo na madirisha. Wakaanza kufa wangali vijana, na serikali ikaikataza kazi hiyo mwaka 2009. Zile zilikuwa suruali tu, seuze ubavu wa meli nzima.

Meli nayo haina budi kusafishwa, hilo nalikubali. Babu zetu walipandisha jahazi ufukoni, wakakwangua, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa chini na sifa (mafuta ya papa) juu, na mbao zikawa salama. Chuma hakikubali hivyo. Rangi ikipakwa juu ya kutu hubanduka, na rangi za siku hizi zinataka chuma kilichoparuzwa hadi kimeng'aa. Lakini si lazima kiparuzwe kwa mchanga. Kuna ganeti, ambayo ni jiwe zito lililosagwa na lina silika kama ile ya mchanga kidogo mno. Kuna chembe za chuma, zinazokusanywa na kutumika tena na tena. Kuna kupiga kwa maji yenye shinikizo kubwa. Wengine hutumia slagi inayobaki kiwandani shaba inapoyeyushwa, hiyo nayo ina shida zake kwa kuwa huweza kuwa na sumu ya aseniki.

Tajiri atasema ganeti ni ghali. Gunia kwa gunia, ni kweli. Ila ganeti huenda kidogo kwa eneo lile lile, vumbi lake ni dogo, na ikiwekwa pakavu hutumika zaidi ya mara moja. Halafu mkumbushe jambo hili, kwa sababu linagusa mfuko wake: mchanga wa baharini una chumvi. Chumvi ikibaki kwenye chuma, rangi huvimba malengelenge na kutu hurudi chini yake, na mwenye meli hurudi akiwa amekasirika. Mimi niliwahi kusikilizwa kwa hoja ya chumvi pale nilipokuwa nimepuuzwa kwa hoja ya mapafu. Si jambo la kujivunia, lakini mchanga ulibadilishwa.

Basi, nozeli uishike? Kwa vifaa ulivyonieleza, usiishike. Siongei kuhusu shilingi 400, najua zinanunua nini Likoni. Naongea kuhusu kofia isiyo na hewa. Kofia ya kupigia ni ya kuleta hewa safi kutoka mbali, iwe inasukuma kutoka ndani kwenda nje ili vumbi lisipate pa kuingilia. Mpira ukikatika, kilichobaki ni ndoo kichwani inayokusanya vumbi mbele ya pua yako. Shati kuukuu haizuii chembe ndogo. Maski ya karatasi iliyobaki wakati wa korona ndiyo hiyo hiyo. Hata maski nzuri ya kubana uso haifai peke yake kwa anayeshika nozeli, na ukiwa na ndevu haishiki ngozi kabisa. Kofia ya hewa iliyolegea, yenye guo la kufunika mabega, huvaliwa hata na mwenye ndevu ndefu, kwa hiyo asikwambie mtu uchague kati ya dini yako na pumzi yako.

Na wewe ndiye unayeangalia kompresa, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Siku mpira wa hewa utakapotengenezwa, usikubali uunganishwe tu popote. Kompresa ya dizeli ikivuta hewa karibu na bomba lake la moshi, au mafuta yake yakipata moto kupita kiasi, humpelekea aliye ndani ya kofia gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, ile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Mdomo wa kuvutia hewa uwe upande upepo unakotoka, mbali na moshi. Pawe na chujio la hewa ya kupumua, na kipimo kinacholia sumu hiyo ikiingia. Bila hivyo, kofia nzima ni mtego.

Tazama pia mkono wa nozeli. Unapaswa kuwa na kishikio kinachokata upepo mara tu ukikiachilia. Nimeona mahali kimefungwa waya ili mkono usichoke. Mpira ukimponyoka mpigaji ukiwa umefungwa hivyo, hucheza kama nyoka aliyekanyagwa, na mchanga ule huchuna nyama hadi mfupani. Viungo vya mpira vifungwe nyaya za usalama, na nozeli iwe na waya wa kupeleka umeme wa msuguano ardhini. Masikio yazibwe, ya mpigaji na yako. Kelele ya nozeli haikusubiri uzoee, inakula usikivu kimya kimya hadi siku mjukuu anakuita na huitiki.

Lile tangi la maji la wiki ijayo ndilo limenikosesha usingizi kuliko yote. Ndani ya tangi lililofungwa, kutu yenyewe hula oksijeni. Mtu hufungua kifuniko, hushuka ngazi akiwa mzima, na miguu humlegea kabla hajafika chini. Anayeruka kumwokoa hufa juu yake. Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa kwa kifaa na feni kubwa kuzungusha hewa, na lazima mtu abaki mlangoni muda wote bila kazi nyingine. Msipofanyiwa hivyo, msiingie. Hapo sina njia ya katikati ya kukupa.

Kuhusu getini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humlinda kila anayefanya kazi mahali pale, kibarua naye yumo. Kifungu cha 14 kinasema ukiona hatari kubwa iliyo karibu umweleze msimamizi wako, na asikurudishe hapo mpaka airekebishe. Aliyeondoka kwa sababu ya msingi hapaswi kufukuzwa wala kuadhibiwa. Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri. Penye watu 20 au zaidi walioajiriwa, pawe na kamati ya usalama yenye wafanyakazi ndani yake.

Hata hivyo nayajua mageti yetu. Kibarua hafukuzwi, haitwi tu. Kwa hiyo usiende kwa fomeni peke yako. Zungumza kwanza na wasaidizi wenzako, wapaka rangi na wachomeleaji, kwa sababu vumbi lenu linawafikia nao. Mwende watatu au wanne, kwa heshima, na mambo machache ya wazi: mpira wa hewa na kioo cha kofia, hewa ya tangi kupimwa, mchanga ubadilishwe. Andikeni kwenye karatasi, mwandike tarehe, mpige picha hiyo karatasi. Yakikwama, nendeni ofisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini hapo Mombasa na mwombe majina yenu yasitajwe. Mimi nilikaa kimya miaka tisa nikisubiri mwingine aanze, na mwaka niliofungua mdomo nilikuwa nimeshazika wawili.

Wakati mnasubiri, yako unayoweza kuyafanya kesho. Mwagia maji kabla ya kufagia, usifagie pakavu kamwe. Usijipulizie ovaroli kwa upepo wa kompresa, najua mnafanya hivyo. Kaa upande upepo unakotoka wakati wa kupiga, na tafuta maski ya kweli ya vumbi kwa kazi yako ya kujaza, ndevu zikiwa zimenyolewa pale inapokaa. Kama unavuta sigara, acha.

Mkeo ana haki, tena amekushinda kwa kuona mbali. Ile rangi mnayoibandua, hasa kwenye meli kuukuu, huweza kuwa na madini ya risasi (lead), na rangi za chini ya meli za zamani ziliwekwa sumu maksudi ili kombe na mwani visishike. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana, na mtoto wa umri huo kila kitu hukipeleka mdomoni. Ovaroli isivuke geti la chelezo. Ifue huko, ubadilishe viatu huko, unawe uso na mikono kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Kama hakuna pa kufulia, ifunge kwenye mfuko, ilowekwe kwenye beseni lake peke yake kabla ya kuguswa, wala isikung'utwe. Uani pale paoshwe kwa maji, ule mchanga uzolewe ukiwa umelowa.

Wewe mwenyewe piga picha ya kifua mwaka huu, hata kama hukohoi, na uihifadhi. Ndiyo itakayolinganishwa na nyingine baadaye.

Rafiki yako asipige tena mchanga, hata nusu zamu. Mpeleke hospitali kubwa yenye daktari wa kifua, uende naye wewe mwenyewe, na mkifika semeni maneno haya kabla hamjaulizwa: "Amepiga mchanga miaka saba bila kofia ya hewa." Bebeni kadi ya dawa za TB. Ikithibitika kwamba ugonjwa umetokana na kazi, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ile watu wanayoiita WIBA, inahusu magonjwa ya kazini pia na si kuvunjika mguu peke yake. Mwajiri ajulishwe kwa maandishi bila kuchelewa, na nakala ibaki kwenu. Wewe umefanya kazi naye na unaweza kushuhudia alikuwa wapi na alivaa nini, kwa hiyo andika sasa hivi, tarehe na majina ya meli unazozikumbuka, kabla hazijakutoka kichwani.

Nisalimie mkeo. Majibu ya picha yakitoka, yake na yako, niandikie.